Nani Aamue Kwamba Goti Limepona?

Mhadhara kwa wanafunzi, walimu wa michezo na wazazi wa wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma

Nimeombwa nizungumzie masomo ya shahada katika utengamao wa wanamichezo, yaani kazi ya kumshughulikia aliyeumia mpaka akimbie tena, aruke tena, apige mpira tena. Niruhusuni nianze na Mtanzania ambaye nyote mmesikia habari zake.

Oktoba 20, 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianza mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City pamoja na wenzake zaidi ya sabini. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi. Misuli ikamkaza njiani. Kisha, katika kugombea nafasi, akaanguka: goti likachanika na kuteguka, bega likagonga lami. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3 na dakika 25, giza limeshatanda, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza.

Kinachoachwa kwenye masimulizi hayo ni hiki: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyohuyo alimaliza marathoni akiwa wa tano. Hapo katikati ni miezi isiyofika ishirini na miwili. Goti lililoteguka halirudi kukimbia kilomita 42 kwa ujasiri peke yake. Linahitaji muda, mazoezi yaliyopangwa na uamuzi wa lini liongezewe mzigo. Sisi tumemtungia sifa Akhwari wa Mexico, aliyevumilia. Somo ninalowaletea leo ni la Akhwari wa Edinburgh, aliyepona. Na nasema waziwazi kwamba kule kusifu uvumilivu kupita kiasi kumewaharibia miguu vijana wengi wa nyanda hizi kuliko rafu za mabeki.

Twende uwanjani mkaone. Ni fainali ya ndondo, mshindi atachukua mbuzi. Uwanja umekauka na umeinama kidogo kuelekea goli moja, kama viwanja vingi vya huku milimani. Winga anaruka kupiga kichwa, anatua kwa ukingo wa nje wa mguu, enka inageuka. Anabebwa hadi pembeni. Kabla mpira haujarushwa, watu wanne wako juu ya mguu ule. Mmoja anauvuta “urudi mahali pake.” Wa pili anauchua kwa dawa ya kupaka inayowasha. Wa tatu ametuma mtoto akalete maji ya moto na chumvi. Wa nne, mwenye sauti kuliko wote, anauliza kama ataweza kurudi kipindi cha pili. Jioni kiatu hakiingii. Wiki mbili baadaye kijana anacheza akiwa amejifunga kitambaa. Mwezi wa tatu enka inageuka tena, na safari hii hakuna hata aliyemgusa.

Aliyesoma angefanyaje? Kwanza angewaondoa wale wanne. Kisha angepiga magoti, akashika ule mguu kwa mikono miwili na kuanza kubonyeza mfupa kwa kidole gumba. Anaanzia kwenye ncha ya kifundo cha nje na kupanda kwa ukingo wa nyuma, sentimita sita, taratibu. Anarudia hivyohivyo kifundo cha ndani. Halafu anashuka kwenye nyayo: ule mfupa unaojitokeza ukingoni, upande wa kidole kidogo, na ule mfupa wa katikati ulio juu ya upinde wa ndani wa nyayo. Anauliza: hapa panauma? Na hapa? Mwisho anamsimamisha na kumwambia atembee hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kama mfupa haukuuma ulipobonyezwa na hatua nne zimewezekana, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo mno, na safari ya eksirei si lazima. Kama umeuma, au hatua zimeshindikana, apelekwe.

Kanuni hiyo ilitungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, na kutangazwa mwaka 1992. Wao waliitafuta ili kupunguza foleni na gharama katika hospitali zenye eksirei kila kona. Fikirini basi thamani yake Mabamba au Nyakitonto, ambako eksirei ni safari ya bodaboda, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Haidai umeme. Inadai kidole gumba kinachojua kilipo, na mchezaji asiyekuwa amelewa, maana mlevi hujibu “hapaumi” kila mahali. (Nawafahamu mashabiki wetu. Wakati mwingine hata kipa ndiye huyo.)

Tuseme mfupa ni mzima, ligamenti ndiyo iliyochanika. Siku za mwanzo mguu unafungwa bendeji ya kubana, unainuliwa juu ya mto anapolala, na hauchuliwi kwa moto, kwa sababu mishipa midogo bado inavuja damu ndani na joto huongeza uvimbe. Lakini pia haufungwi ukakaa bila kutikisika mwezi mzima. Anaukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Halafu anaanza kuchezesha kifundo, kisha kunyanyuka kwa vidole, miguu miwili, baadaye mmoja. Kisha linakuja zoezi ambalo wachezaji hulicheka: kusimama kwa mguu mmoja, sekunde thelathini, macho wazi, halafu macho yamefumbwa. Jaribuni leo nyumbani muone linavyotoa jasho.

Zoezi hilo ndilo linaloeleza kwa nini enka ya winga wetu iligeuka mara ya pili. Ligamenti si kamba ya kufungia mifupa tu. Ndani yake mna ncha za neva zinazoupa ubongo taarifa, kila wakati, mguu umekaaje. Ikichanika, taarifa zinachelewa, na misuli ya upande wa nje wa mguu inachelewa kuuvuta mguu usigeuke. Maumivu yanaweza kwisha wiki ya pili huku ule ucheleweshaji ukibaki kwa miezi. Kwa hiyo maumivu kwisha hakuthibitishi kupona. Ukiondoka hapa na sentensi hiyo moja, nauli yako haikupotea.

Hapo ndipo lilipo swali la kichwa cha mhadhara huu. Nani aamue kwamba kiungo kimepona? Kwetu huamua wanne: mchezaji mwenyewe, ambaye ana njaa ya kucheza, kocha, ambaye ana njaa ya pointi, mfadhili wa timu, na ile ambayo sote tunaijua kwa jina la heshima, kamati ya ufundi. Naomba msinune. Kuna timu ambazo kamati ya ufundi ina bajeti ya safari, kuku na udi, lakini sanduku la huduma ya kwanza halina hata bendeji. Mchezaji akiumia mara mbili mguu uleule, kikao kinakaa kutafuta nani amemfanyia. Hajamfanyia mtu. Alirudishwa mapema. Na pale inaposhindikana kabisa, anachomwa sindano ya diklofenaki kabla ya mechi ili asisikie. Maumivu yalikuwa mlinzi wake wa mwisho, naye akalazwa usingizi.

Kwa goti mambo ni mazito zaidi. Ligamenti ya ndani inayopita katikati ya goti kwa mbele ikikatika, na mchezaji akafanyiwa upasuaji wa kuweka mpya, haraka inamgharimu. Utafiti uliofanywa Norway na Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji alikubali kusubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena goti kwa takriban nusu. Na kusubiri peke yake hakutoshi. Hupimwa nguvu ya msuli wa mbele wa paja, mguu mbovu ukilinganishwa na mzima. Hupimwa pia kuruka kwa mguu mmoja: unachora mstari chini, unaruka mbele, unapima ulipotua, unabadilisha mguu. Mguu ulioumia usipofikia walau asilimia 90 ya mwenzake, hakuna mechi. Kwa kipimo hicho cha kuruka, kifaa kinachotakiwa ni futi kamba ya fundi cherehani. Kibondo zipo.

Sasa nije kwenye shahada yenyewe, maana kuna wazazi wameshaanza kutazama saa.

Ughaibuni yako masomo yenye jina hilohilo. Uingereza kuna shahada ya utengamao wa michezo, miaka mitatu, katika vyuo kama Salford na St Mary's cha Twickenham, na wahitimu wake wana chama chao, BASRaT. Hao si wafiziotherapia kisheria, na jina la mfiziotherapia nchini mule linalindwa, halivaliwi na yeyote. Marekani wana wataalamu wanaokaa na timu za shule na vyuo kila siku, na siku hizi mafunzo yao yamepandishwa hadi ngazi ya uzamili. Afrika Kusini kuna biokinetiki, taaluma ya kutibu kwa mazoezi, inayosajiliwa na baraza la taaluma za afya la nchi hiyo. Kila nchi imeikata keki hii kwa kisu chake.

Kwetu Tanzania njia iliyonyooka ni shahada ya fiziotherapia. Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi ndiyo inayokupa usajili, na usajili ndio unaokupa haki ya kumgusa mgonjwa. Kwa hiyo, kijana, ukiona tangazo la chuo cha nje lenye picha za viwanja na wachezaji maarufu, kabla hujauza ng'ombe wa baba uliza swali moja: nikirudi, nitasajiliwa kama nani? Jina tamu la shahada halikusaidii ukifika hospitali ya wilaya na afisa utumishi hana muundo wa cheo chako.

Kwa miaka mingi fiziotherapia nchini imeshikamana na jina la KCMC, hospitali iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Hapohapo, tangu mwaka 1981, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, ambacho wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Shahada ya kwanza ya fiziotherapia pale ni miaka minne. Mlango wake ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani ile PCB ambayo wengi wenu mnaiogopa kwa sababu ya Fizikia. Aliyesoma stashahada naye ana njia yake ya kupanda, vigezo vikitimia. Mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, hutoka kila mwaka. Usome wa mwaka wako mwenyewe, usisomewe na jirani aliyeomba miaka mitano iliyopita.

Mtu anayeingia akidhani atafundishwa kukanda wachezaji hupata mshtuko. Mwanzoni ni anatomia, na anatomia haisomwi kwa picha peke yake. Unasimama mbele ya maiti iliyotolewa kwa ajili ya mafunzo, unafuata msuli mmoja kutoka unapoanzia hadi unaposhika mfupa, unataja neva yake, kesho unaulizwa. Kuna fiziolojia. Kuna mekanika ya mwili, ambako ile Fizikia ya nyenzo na egemeo uliyoikimbia inakungoja: kwa nini kisahani cha goti kinabeba mzigo mkubwa zaidi unaposhuka mlima kuliko unapotembea tambarare. Wakazi wa Heru Juu mnalijua jibu kwa magoti yenu.

Kisha unapelekwa wodini, na hapo wengi ndipo wanapogundua wamesomea nini. Asubuhi una mzee wa kiharusi anayejifunza upya kukaa kitandani bila kuanguka upande. Mchana una mama aliyeungua, kovu linaanza kuukunja mkono wake, nawe lazima uunyooshe huku anakulaani. Jioni una mtoto mwenye mtindio wa ubongo na mama yake ambaye amembeba mgongoni kutoka mbali. Mwanamichezo anakuja baada ya hao wote, tena wa mguu uliokaa kwenye hogo wiki sita, msuli wa paja umenywea mpaka suruali inapwaya. Utamwongoza vizuri kwa sababu umejifunza kwa wale watatu. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaotaka mwanafunzi aruke moja kwa moja kwenye michezo. Michezo ni tawi. Shina ni utengamao.

Mtauliza: kwa nini shahada, isiwe kozi ya wiki mbili yenye cheti? Nitawajibu kwa habari ya barafu. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika kitabu kilichoeneza kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua kiungo kilichoumia. Dunia nzima ikaikariri. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe akaandika kwamba ushahidi mpya unaonyesha barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha uponyaji. Waliosoma kozi ya kukariri bado wanatafuta barafu kwa wauza samaki. Shahada inakufundisha kusoma utafiti, kujua ulivyofanyika, na kubadilisha mkono wako kesho asubuhi ukigundua ulichofundishwa jana kimepitwa.

Sasa niseme habari za nyanda hizi, maana isionekane kwamba nimekuja kuwauzia shahada ya Dar es Salaam.

Buha, yaani nyanda hizi, imewahi kujulikana kwa nguvu za watu wake kuliko kwa kitu kingine. Tangu mwaka 1944, shirika la wenye mashamba ya mkonge lililoitwa SILABU lilikuwa likiajiri vijana wa huku na kuwapeleka Tanga na kwingineko kuwa manamba. Babu zenu walipimwa vifua na mikono, wakapewa namba, wakapanda treni. Waliorudi na mgongo uliokufa hawakupimwa tena na mtu. Hadi leo uchumi wa Kasulu na Kibondo umekaa juu ya magoti, mabega na viuno: mama anashuka bondeni na jembe na kupanda na tenga la mihogo kichwani, kijana anasukuma baiskeli yenye magunia ya maharage, mwendesha bodaboda anakaa kwenye kiti kinachotikisika tangu alfajiri. Ukihitimu ukaja hapa ukangoja wachezaji wa ligi kuu, utakaa sana. Ukianza na dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu, ukamrudisha kazini kwa utaratibu uleule wa mwanasoka, kupima, kuongeza mzigo kidogokidogo, kupima tena, hutakosa watu mlangoni.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha wito wa utengamao hadi 2030, na hesabu zilizochapishwa mwaka 2020 zilionyesha kwamba watu bilioni 2.4, karibu mtu mmoja kati ya watatu duniani, wana hali ambayo utengamao ungeisaidia. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wataalamu wake hawafiki kumi kwa kila watu milioni moja. Mkoa wenu una hospitali zake: Maweni pale Kigoma mjini, Kabanga ya Wakatoliki hapa Kasulu, Heri ya Wasabato upande wa Buhigwe, hospitali ya wilaya ya Kibondo. Majengo yapo. Watu wa kazi hii wa kujaza vyumba vya mazoezi, kila wilaya, ndio tunaowatafuta kwenu.

Na kuna majirani zenu. Kambi ya Nyarugusu imekuwapo tangu mwaka 1996, ilipoanza kuwapokea Wakongo, na Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia kwao. Mmeishi nao, mmefanya nao biashara, mmecheza nao mpira. Katika watu waliokimbia vita hamkosi aliyepoteza mguu, aliyepigwa risasi, mtoto aliyezaliwa safarini akachelewa kulia. Hapa historia ya taaluma yetu ina jambo la kusema. Daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi mwenyewe, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, aliendesha kituo katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza kwa ajili ya askari waliovunjika uti wa mgongo. Wakati ule watu wa namna hiyo walilazwa na kungojewa wafe. Yeye akawapa upinde na mishale. Julai 29, 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, alisimamisha mashindano ya washiriki 16 wakiwa kwenye vitimwendo. Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa Paralimpiki. Kwa Guttmann mchezo wenyewe ulikuwa dawa. Kwa hiyo mtu mwenye shahada hii Kasulu hana budi kuzijua njia zote mbili: kumtibu anayecheza, na kumchezesha anayetibiwa.

Wasichana sasa, na hapa walimu wa mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, naomba mnisikilize kwa makini. Msichana anayecheza mchezo uleule na mvulana ana hatari ya kukata ile ligamenti ya goti iliyo mara mbili au zaidi ya ile ya mvulana. Netiboli inaongeza jambo lake: sheria haimruhusu mchezaji aliyedaka mpira aendelee kukimbia nao. Mwili mzima ulikuwa unakimbia, unakatizwa kwa mguu mmoja, goti likiwa limenyooka na kuingia ndani. Ukimtazama msichana wa darasa la saba anavyotua baada ya kuruka, utaona magoti yanagusana. Huyo anaweza kufundishwa kutua: magoti yamekunjwa, yakielekea vidole vya miguu, makalio nyuma, bila kishindo. Ukisikia kishindo, arudie.

Upo utaratibu wa kupasha mwili uliotengenezwa na wataalamu wa FIFA, unaojulikana kama 11+. Unachukua dakika ishirini: kukimbia kwa kubadili mwelekeo, kujiegemeza kwa viwiko, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua, na lile zoezi la kupiga magoti mwenzako akakushika vifundo nawe ukajishusha mbele polepole kwa nguvu za nyama za nyuma ya paja. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliofuata utaratibu huo walipata majeraha pungufu kwa takriban theluthi moja, na yale makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Hautaki jezi, hautaki hata viatu vya bei. Unataka mwalimu anayefika uwanjani dakika ishirini kabla. Najua mwalimu huyo ana vipindi thelathini na mahindi hayajapaliliwa. Bado nasema afike.

Ajira? Sitawadanganya. Nafasi za serikali hutoka kwa vibali, na kusubiri ni jambo la kawaida kwa kada zote za afya. Klabu zinakua, lakini polepole. Mashujaa ya Kigoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na kanuni za leseni za klabu zinadai timu iwe na watu wa tiba. Mashindano ya CHAN yalichezwa kwetu, Kenya na Uganda Agosti 2025, na AFCON ya 2027 imepewa nchi hizohizo tatu. Mwaka huohuo wa 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde. Yote hayo yanafungua milango, lakini milango hiyo iko mbali na hapa. Mlango wa karibu ni mwingine: mtaalamu aliyesajiliwa, mwenye chumba kimoja safi Kasulu mjini, kitanda, mikanda ya mpira, futi kamba na daftari la kumbukumbu. Mwenye kutaka ualimu wa michezo au ukocha, chuo cha michezo cha Malya kule Kwimba kipo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Hayo ni masomo mazuri, lakini hayakupi ruhusa ya kutibu. Usichanganye.

Kwa waganga wetu wa mifupa nina ombi, na nalisema kwa adabu kwa sababu wengi wenu mna mikono mizuri na mnafikiwa kabla ya hospitali. Mfupa uliotoboa ngozi, mguu uliopoa na kufa ganzi, mtoto asiyeweza kukanyaga kabisa: hao msiwafunge, waleteni. Waliobaki tutawajadili pamoja.

Walimu, anzeni zile dakika ishirini Jumatatu, msingoje semina. Makocha, nunueni futi kamba na bendeji mbili kabla ya jezi mpya. Wazazi, mtoto akikwambia daktari amesema miezi tisa, msimwambie wenzake walirudi kwa mitatu. Nanyi wa PCB, dirisha la maombi likifunguliwa iandikeni fiziotherapia chaguo la kwanza, msiiweke chini kabisa kama mahali pa kuangukia udaktari ukikosekana. Mkimaliza msibaki wote Moshi na Dar es Salaam. Mmoja aje aripoti Kasulu, na mwingine Kibondo.